Kitabu cha Vizazi cha Ghorofa ya Sita

Kwanza nilisikia kilio cha mtoto mchanga ngazini. Lifti ilikuwa imekufa tena, kwa hiyo kilio kilipanda kwa miguu ya mtu mzima, ghorofa baada ya ghorofa, kikikatika kwenye kila kona na kuanza upya, karibu zaidi. Nilikuwa bado kitandani, blanketi limenifunika hadi juu ya macho. Sikuhitaji kuuliza ni nani. Ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi watoto waliletwa kwetu kuandikwa.

Tulikaa ghorofa ya sita katika nyumba za kaunsili, serikali ya mtaa, kule Tottenham, London. Siku nyingine zote baba yangu alikuwa msafisha ofisi. Alitoka na basi la kwanza, akarudi saa nne asubuhi akinuka dawa ya sakafu, akalala kwenye kochi na viatu miguuni. Lakini Jumamosi alivaa tai. Aliketi mbele ya meza ya chakula, mgongo wima, na mama akamletea kitu kizito kilichofungwa ndani ya kitenge. Baba alifungua mafundo taratibu, bila kuyavuta, kama mtu anayemvua mgonjwa nguo. Ndani mlikuwa na kitabu cha vizazi, rejista ya waliozaliwa.

Kabla ya London baba alikuwa karani wa kolektivite yetu, mashariki ya Kongo. Kolektivite ilikuwa serikali ya chini kabisa, na labda kwa sababu hiyo ndiyo pekee ambayo watu waliweza kuigusa. Rais alikuwa picha ukutani. Gavana alikuwa gari lililopita na vumbi lake. Kolektivite ilikuwa nyumba ya matofali yenye paa la bati, na ndani yake baba, akiandika nani amezaliwa, nani amekufa, nani ana meza sokoni, mbuzi wa nani amekula mihogo ya nani.

Vita vilipofika, miaka ya tisini ikielekea mwisho, watu walibeba sufuria na magodoro. Baba alibeba kitabu. Au tuseme ukweli, mama ndiye aliyekibeba. Alikifunga mgongoni kwa kitenge, akatupia shuka juu, na kwenye kizuizi cha barabarani askari wakampungia mkono apite, wakidhani ni mtoto amelala. Mimi nilikuwa na miaka minane, nikatembea kando yake kwa miguu yangu. Kwa muda mrefu nilikionea wivu kile kitabu. Tulipokuwa tunavuka kilima cha soko tuligeuka, tukaona moshi umesimama juu ya ofisi.  Baba alishika tu pembe ya kitabu kwa nyuma, kama mtu anayemkinga mtoto na jua.

Mwaka uliofuata mdogo wangu wa kike alizaliwa London. Waingereza walimwandika katika ofisi safi, mwanamke mwenye miwani aliandika kwa wino mweusi na kumpa baba cheti, na baba alisifu sana ule mwandiko. Tuliporudi nyumbani mama alikaa na mtoto mapajani.

“Hawa wamemwandika,” alisema. “Kwetu je? Kwetu bado hajazaliwa.”

Baba alifungua kitabu. Ukurasa wa mwisho aliokuwa ameutumia kule ulikuwa umejaa upande wa mbele. Aligeuza jani, na upande wa nyuma akamwandika binti yake.

Baada ya hapo habari ilienea kanisani. Watu wa kwetu walikuwa wametawanyika, wengine Edmonton, wengine Barking, na walikuja kwa mabasi mawili, matatu, na vichanga wamefungwa hadi puani. Walikuwa na vyeti vya Waingereza mikobani, lakini walivizungumzia kama risiti. Walitaka kile kingine. Mwanamume mmoja, dereva wa gari la kubebea wazee, alisimama mbele ya meza yetu na kofia mkononi na jasho la ngazi shingoni. Mkewe alimcheka: “Hospitali hukuvua kofia. Kwa daktari hukuvua. Kumbe unamwogopa karani?” Naye akajibu, bila kutabasamu, “Karani ananijua mimi mtoto wa nani.”

Nilipofika miaka kumi na miwili vidole vya baba vilikuwa vimepasuka kwa dawa za kusafishia. Kalamu ilimtoka mkononi. Ndipo kazi ya kuandika ikawa yangu. Aliniketisha ubavuni, akanisomea mstari kwa mstari, na mimi nikaandika kwa Kifaransa cha kitabu, ambacho nilikuwa nakisahau huku nikikiandika. Jina la mtoto. Jina la baba. Jina la mama. Siku. Kijiji.

Mara ya kwanza niliuliza, “Kijiji niandike nini? Niandike Tottenham?”

Baba alishangaa. “Tottenham ni kijiji cha nani?”

Alinieleza. Ilikuwa desturi ya ofisi tangu kabla yake. Mwanamke akijifungulia njiani, au hospitali ya mjini, au kwa dada yake alikokwenda kusalimia, mtoto aliandikwa kijiji cha baba yake. Mahali uchungu ulipomshika mama palikuwa ajali. Mtoto anazaliwa kwao. Kwa hiyo niliandika kwao: kijiji cha mtoni, kijiji cha kanisa la juu, na mara nyingi kilima cha soko, maana watu wengi waliofika London walikuwa wa kilima kile. Lakini tarehe baba hakukubali kuichezea hata kwa siku moja. Aliomba cheti cha Waingereza, akakisogeza dirishani, akaisoma tarehe mara mbili. “Karani akidanganya siku,” alisema, “hata jua halitamwamini.”

Nilipenda kazi ile kuliko kitu chochote. Sikuwa nimewahi kukiona kijiji cha mtoni, lakini nilikijaza watoto.

Kisha kule Kongo ikaja katiba mpya. Nilikuwa nimeanza chuo wakati huo. Watu wa kwetu kule walipiga kura, wakaipitisha, na nakala yake ikafika kwetu kwa fotokopi iliyofifia, imebanwa pini mbili. Baba aliisoma kwenye basi la alfajiri, akiweka mistari chini ya maneno. Wengine kanisani waliiita shirikisho, wengine walikataa jina hilo kana kwamba ni tusi, na baada ya ibada walibishana kwenye maegesho hadi wake zao wakawaacha na kwenda kituoni. Baba hakujali jina. Alijali kilichokuwa chini. Mikoa ingejitawala zaidi, sawa, lakini hata kolektivite, hata ile nyumba yetu ya matofali, ingekuwa na baraza la kuchaguliwa na mfuko wake. Ushuru wa soko usingepanda tena lori kwenda mji mkuu na kupotelea huko. Ungebaki. Ungejenga zahanati, na daraja la mtoni, na paa la ofisi.

Alimweleza mama hayo yote jikoni, fotokopi mkononi, mama akikoroga sombe, majani yetu ya muhogo.

“Madaraka yatashuka,” alisema baba. “Yatashuka hadi kwa mwananchi.”

“Yashuke na lifti,” mama alisema. “Shika sahani.”

Lakini nilimwona mama akisikiliza. Dada yake alikuwa mkunga kule kilima cha soko, akizalisha wanawake ndani ya darasa la shule kwa sababu zahanati ilichomwa. Kilima kile ndicho kilichokuwa moyo wa mambo. Soko lilikuwa pale, na penye soko ndipo penye ushuru. Bila kilima, kolektivite yetu ingepewa baraza na mfuko, na mfuko ungekuwa na upepo ndani. Kolektivite ya jirani walijua hivyo pia. Mara katiba ilipopita walianza kusema kilima ni chao, tangu babu zao. Tume ya serikali ingepita kuthibitisha mipaka, nayo ilitaka maandishi.

Maandishi yalikuwa wapi? Ofisi ilikuwa imeungua na kila karatasi. Isipokuwa kitabu kimoja, ambamo mtoto wa kilima cha soko, mmoja baada ya mwingine, tangu baba akiwa kijana, alikuwa ameandikwa kwetu na si kwa jirani. Simu ilipigwa kutoka kule. Baba aliiweka sikioni kwa mikono miwili. Tulimsikia akisema, “Kiko. Kiko hapa. Kiko salama kabisa.” Alipokata simu alikwenda kunawa uso, akakaa bafuni muda mrefu.

Mtu aliyetumwa kukichukua alikuwa tarishi wa zamani wa baba, yule aliyekuwa akibeba barua za kolektivite kwa baiskeli. Sasa alikuwa mwalimu mwenye mvi, mjumbe wa kamati ya wazee, na bahati ilitaka chuo kimoja cha London kimwalike kwenye semina ya wiki moja juu ya serikali za mitaa, pamoja na watu wa nchi nyingine. Jumapili kabla ya kurudi alikuja kwetu baada ya kanisa. Alifika ghorofa ya sita akishika ukuta.

“Karani,” alisema akihema, “serikali yako iko juu sana. Wananchi watakufa ngazini.”

Baba alicheka, akamkumbatia, wakapigana mabega. “Nimeandika barua juu ya hiyo lifti.”

“Kwa nani?”

“Kwa kaunsili.”

“Walijibu?”

“Wanajibu kila mara. Wanasema aksanti kwa barua yako.”

Mgeni alicheka mpaka akakohoa. “Basi wametushinda kidogo tu. Siye tulikosa karatasi ya kusema aksanti.”

Alitusimulia semina. Walipelekwa kuona kaunsili moja ya Waingereza, wakapewa chai na biskuti, wakaonyeshwa mchoro wenye mishale mingi, ambao ulionyesha mwananchi chini kabisa na mishale yote ikimwendea. “Nikauliza, huyu mwananchi yeye hana mshale hata mmoja wa kupandisha? Wakasema ni swali zuri, wakaandika.” Mama alicheka akiwa jikoni. Tulikula ugali na sombe na samaki wakavu, mgeni akamsifu mama, mama akasema sombe yenyewe aliinunua imeganda barafu kama moyo wa shemeji yake. Mdogo wangu alipita kuchukua soda, mgeni akamwuliza kwa Kiswahili anasoma darasa la ngapi, naye akajibu kwa Kiingereza, na mgeni akaitikia kwa kichwa kwa heshima, kama ndivyo inavyopaswa.

“Nao vijana wetu wanangoja,” mgeni alimwambia baba. “Karani, kama kilima kikibaki, kitu cha kwanza ni zahanati. Tumeshapata mawe. Wanawake walibeba mawe wenyewe kutoka mtoni, yako pale yamepangwa.” Kisha akageuka kwa mama. “Dada yako alibeba kuliko wote. Amenituma niseme anangoja mlango na kitanda, mengine atajua mwenyewe.”

Mama akaleta kitenge.

Baba hakutaka kufungua yeye. Alimsogezea mgeni, na mgeni alifuta mikono kwenye suruali, akafungua mafundo. Alipoona jalada la kijani, na pembe zilizoliwa na mende wa ofisini kwetu, alitikisa kichwa, akatoa leso. Alisoma jani la kwanza, ambalo hakimu alilisaini na kuandika idadi ya majani yote. Akafungua katikati. Kidole chake kilishuka kwenye safu ya vijiji. “Kilima,” alisema. “Kilima. Huyu nilileta mimi karatasi yake kwa baiskeli, mvua ikanyesha. Kilima. Kilima. Karani, umetuokoa.”

Sijawahi kumwona baba akiwa vile. Hakutabasamu. Alikaa tu, mikono yake iliyopasuka imelala juu ya magoti, na uso wake ukawa wa mtu aliyeambiwa alale sasa.

Mgeni aliendelea kufunua, kwa furaha, mbele, mbele. Alifika jani la mwisho la kule. Akaligeuza.

Nilijua kabla yake. Sijui kwa nini sikujua mapema, miaka ile yote. Nilikuwa nimekaa kwenye mkono wa kochi, nikitazama kidole chake.

Kidole kilisimama. Kikarudi juu, kikashuka tena. Akafunua jani lingine, na lingine, majani mengi. Kilima. Kilima. Mtoni. Kilima.

“Karani,” alisema polepole. “Tarehe hizi ni za vita.”

“Ni tarehe za kweli.”

“Tarehe hizi kilima hakikuwa na mutu. Tulikuwa porini. Ofisi ilikuwa majivu. Nani alizaliwa pale?”

“Ni watoto wetu,” baba alisema. “Wa hapa. Niliwaandika kwao.”

“Uliwaandika kwao.”

“Tulifanya hivyo siku zote. Wewe unajua. Wangapi walizaliwa hospitali ya mjini, tukawaandika kilima? Ulileta karatasi mwenyewe.”

“Ndiyo, Karani. Mji ulikuwa mwendo wa asubuhi moja. Hii ni London.” Hakupandisha sauti. Nadhani ingekuwa afadhali kama angepandisha. “Jirani watafungua kitabu hiki wapi? Hawatafungua mwanzo. Watafungua mwisho. Watamwambia mutu wa tume, tazama, hawa wanazalisha watoto ndani ya majivu. Kama hawa ni wa uongo, hata wale wa zamani ni wa uongo. Hata marehemu wetu watakuwa wa uongo.”

Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na sahani iliyolowa mkononi. “Si mukate hayo majani ya nyuma?”

“Yana namba, mama. Hakimu aliandika hesabu mbele. Yakipungua, ni wizi.”

“Basi mupige fotokopi ya mbele tu.”

“Watauliza kitabu.”

Baba alisema ataandika barua ya maelezo. Atasaini. Watu wa kanisani watasaini, wazazi wote watasaini, na vyeti vya Waingereza vitaambatanishwa, kila mtoto na chake. Alisema haraka, akihesabu kwa vidole, na mgeni alimsikiliza hadi mwisho kwa upole wa mwalimu anayemsikiliza mtoto ambaye amekosea hesabu tangu mstari wa kwanza.

“Hizo barua zitasema nini? Zitasema karani wa kolektivite aliandika kwamba mutoto alizaliwa kilima, na Mwingereza ameandika alizaliwa Tottenham. Karani, utakuwa umewapa ushahidi kwa mukono wako.”

Baba alikunja vidole alivyokuwa akihesabia.

Mgeni aliinamia ukurasa tena, akauliza bila kuinua macho, “Huu si mwandiko wako. Nani aliandika?”

“Mimi,” nilisema.

Alinitazama kwa mara ya kwanza vizuri. “Una mwandiko muzuri, binti yangu,” alisema, na alimaanisha hivyo.

Nimeandika mambo mengi tangu siku ile, na watu wengine wamenisifu kwa haya au yale. Sifa ile ndiyo ninayoisikia. Nilitaka kusema kwamba niliambiwa. Nilitaka kusema kwamba ningeandika Tottenham, niliuliza. Lakini baba alikuwa pale, na ukweli ni kwamba niliwapenda wale watoto pale nilipowaweka, na hakuna aliyenilazimisha kuupenda uongo uliokuwa mzuri hivyo. Chai ilipoa mezani. Kwenye televisheni ya jirani watu walikuwa wakishangilia mpira. Mgeni alifunga kitabu, akakirudisha ndani ya kitenge, akafunga mafundo yale yale, mawili juu, moja pembeni, kisha akakisukuma taratibu hadi upande wa baba.

“Hukichukui?” baba aliuliza.

“Nikikichukua kitasema dhidi yetu. Kikae. Huko tutasema kiliungua na vingine.”

“Na kilima?”

Mgeni alivaa koti aliloazimwa, likamzidi mabega. Alitafuta mikono kwa muda mrefu. “Tutasema kwa mdomo,” alisema. “Wazee wapo watatu bado. Tutawapeleka waseme.” Lakini alisema kama mtu anayetaja watu aliokwisha kuwazika. Alimuaga mama, akamwambia atamfikishia dada yake salamu. Mama akauliza salamu gani.

Baba akainuka, akashika koti lake kwenye kiti. Kwetu mgeni husindikizwa. Humwachi mtu mlangoni hata kama ni mdai, unakwenda naye hadi njia panda, na London njia panda yetu ilikuwa kituo cha basi, ghorofa sita chini. Tangu tufike hapakuwa na mtu aliyewahi kutoka kwetu peke yake, hata mvua ikinyesha, hata baba akiwa na homa.

“Bakia, Karani,” mgeni alisema. Aliweka kiganja kifuani mwa baba, hakumsukuma, alikiweka tu. “Ngazi ni nyingi.”

Baba alibaki amesimama na mkono mmoja ndani ya koti. Nilingoja abishe. Kwa desturi anayeambiwa abakie hubisha mara tatu, na mgeni hukubali mara ya tatu, na wote wawili hujua hivyo tangu mwanzo. Baba alifungua kinywa. Kisha akautoa mkono kwenye koti, akaketi. Mama alitazama sakafu. Mgeni alipita kando yangu kwenye ukumbi mwembamba, akasema kheri, binti, nikasema kheri, baba, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa nyuma yake wa kuufunga, aliufunga mlango mwenyewe kwa nje, kwa uangalifu, akiuvuta hadi kitasa kikashika.